Kuni Zilizofungwa kama Sileji

Wahenga walisema kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni. Maana yake haihitaji mwalimu. Uchaga hujengwa juu ya jiko ili kuni zipate kukauka, na kuni iliyopangwa pale juu hudhani imewekwa kwa heshima. Ikiiona mwenzake chini inatoa povu na kupasuka, hucheka. Haijiulizi yenyewe imepandishwa pale kwa kazi gani. Binadamu naye ni vivyo hivyo. Anayebisha na asikilize yaliyomkuta Malachy Hehir wa Cloonbeg, katika kaunti ya Clare, magharibi ya Ayalandi, mzee ambaye kila aliyemjua alimpenda, na kila aliyempenda alikuwa na siku zake za kutamani kumnyonga.

Malachy alikuwa amefuga ng'ombe wa maziwa tangu ujana wake hadi magoti yalipomgomea. Kama kuna jambo lililompatia jina, lilikuwa sileji. Kila kiangazi alikata majani mabichi ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi, akayarundika, akayafunika kwa nailoni nyeusi na kuyakandamiza kwa matairi makuukuu hata hewa isipate pa kupita, kwa sababu sileji ikiingiwa na hewa huoza. Majani yake yalitoka humo katikati ya baridi yakinukia vizuri, na watu walimtania kwamba wangeyala wenyewe kama wangekuwa na meno ya kutosha. Wakulima walikuja kutoka parokia nyingine kutazama mkono wake. Yeye alisimama pembeni akijifanya hasikii sifa, huku masikio yamemsimama.

Mkewe Breda alikuwa amekwisha kufariki, na kiti chake kilibaki upande mmoja wa jiko la chuma la kuni, cha Malachy upande wa pili. Ng'ambo ya kinjia aliishi Attracta Considine, mpishi mstaafu wa nyumba ya mapadri, mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa wala kujuta. Yeye na Breda walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Baada ya mazishi, Attracta alianza kuvuka kinjia kila asubuhi na mkate wa magadi umefungwa kwa kitambaa. Walikunywa chai na kusikiliza matangazo ya vifo redioni, wakabishana marehemu alikuwa wa ukoo gani na nani alistahili kwenda kumzika. Kwa watu wawili waliobaki wapweke, hayo hayakuwa mambo madogo.

Majira ya baridi yaliyotangulia kisa hiki Malachy alikuwa ameugua nimonia, kwa sababu kuni zilimwishia na akaona haya kusema. Binti yake Dympna, mwalimu wa shule huko Limerick, alimuuguza hadi akapona, kisha akamkalisha chini.

"Baba, siwezi kulala nikifikiria uko huku peke yako kwenye baridi. Njoo ukae kwangu. Chumba kipo, sakafu yenyewe inatoa joto."

"Na moto uko wapi?"

"Hakuna moto. Joto linatoka chini."

"Sasa jioni mtu anatazama nini? Anatazama sakafu?"

Dympna alicheka, lakini hakulegea. Walivutana hadi wakafika pa kukubaliana. Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, Dympna angekuja. Kama angekuta jikoni moto safi unawaka kwa kuni kavu za Malachy mwenyewe, na akiba ya kutosha baridi nzima, angefunga mdomo wake. Kama angekuta moshi na unyevu, mzee angefungasha na kuhamia Limerick. Malachy alitema mate kiganjani kama wauza ng'ombe mnadani, na binti, aliyelelewa katika mila hiyo hiyo, akatema katika kiganja chake. Wakapigana viganja, na mkataba ukafungwa.

Malachy hakuwa na wasiwasi, maana kuni zilikuwa zimemjia zenyewe hadi mlangoni. Kwenye mpaka wa shamba lake na bustani ya Attracta ulisimama mti mkubwa wa ash, ule unaochongewa magongo ya mchezo wa hurling; kwa hiyo pale kijijini waliuita mti wa magongo. Ugonjwa ulioenea nchi nzima na kuua miti ya aina hiyo haukuusahau. Ulianza kukaukia kileleni, ukashuka tawi kwa tawi, hadi ukawa hatari kwa wapita njia. Mwezi wa Februari akaja fundi na msumeno wa mashine, akauangusha. Majirani hao wawili wakagawana shina nusu kwa nusu. Matawi ya juu yaliyokuwa makavu na yaliyopindapinda yaliingia katika fungu la Malachy, naye akayaburuta na kuyatupa mtaroni.

"Hayo hayapangiki," alisema. "Hayafai hata kumchomea mchawi."

Attracta hakuona haja ya kungoja. Kila mtoto wa Ayalandi hukua akiambiwa kwamba mti wa magongo huwaka hata ukiwa mbichi, na huu ulikuwa umekufa ungali umesimama. "Maiti atakaushwa mara ngapi?" aliuliza, akaanza kuchoma juma lile lile. Hakujua kwamba mti huo unaweza kufa kichwa na bado ukawa umeshiba maji kiunoni. Kuni ziliwaka, ndiyo, lakini kwa shingo upande, na moshi wake mzito uliganda ndani ya dohani siku baada ya siku, mweusi na unaonata.

Jumapili ya Pasaka, watu wakitoka Misa, dohani ya Attracta ililipuka moto. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima, na ndimi za moto zikatoka juu ya paa mchana kweupe, padri na waumini wake wakitazama. Na hapa lazima tumtendee haki Malachy: yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alikimbia kwa magoti yale yale yaliyomgomea, akausukuma mlango, akamkuta Attracta anatoka mwenyewe. Alikuwa na aproni yake, uso umejaa masizi, na mikononi amebeba trei yenye paja la kondoo lililookwa kwa ajili ya sikukuu.

Zimamoto walifika wakauzima. Nyumba ilisalimika, ingawa jiko lilikuwa jeusi tii. Attracta, aliyezoea kulisha watu maisha yake yote, aliona aibu kuwaacha vijana wale waondoke na njaa; akawakatia nyama pale pale uani. Usiku huo Malachy alikaa naye hadi alipotulia.

Lakini kulipokucha, ulimi ulimwasha Malachy. Alikwenda dukani kwa Pakie, mahali ambapo habari za Cloonbeg hupimwa na kuuzwa pamoja na sukari, akaanza.

"Nyumba inawaka, sawa? Picha ya Moyo Mtakatifu iko ukutani. Ameiacha. Pochi yake iko mezani. Ameiacha. Paka? Paka amejitegemea. Mwenzenu ametoka na paja la kondoo!"

Pakie, mwenye duka, alicheka hadi akaegemea mzani. Kicheko ni kama chumvi. Mkono ukizoea kuitia hauoni inapozidi. Malachy aliisimulia hadithi hiyo baada ya Misa, mnadani, na kwenye mazishi mawili matatu, na kila mara aliitia chuku kidogo. Kufikia Pentekoste lile paja lilikuwa kondoo mzima, na Attracta alikuwa amesimama kuonja mchuzi kabla ya kukimbia. Akampa na jina: Mkuu wa Zimamoto.

Mwanzoni Attracta alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Lakini ilifika siku akaingia dukani kununua hamira, akasikia sauti kutoka nyuma: "Mkuu wa Zimamoto, dohani haijambo?" Mtu aliyesema hivyo hata hakumfahamu vizuri. Attracta aliweka hamira chini, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata mkate wa magadi haukuvuka kinjia, wala iliyofuata hiyo. Malachy alisikiliza matangazo ya vifo peke yake, akajiambia kwamba mwenzake ana shughuli.

Yeye pia alikuwa nazo. Alikuwa amechanja fungu lake, magogo manene manene, akalipanga kando ya ukuta wa nyumba. Ni kweli lilikuwa rundo la kupendeza. Kila kipande kilibanwa na mwenzake, ncha zote zimelingana, pembe zimesimama wima. Watu walipunguza mwendo wa magari ili watazame. Mwezi wa Mei, alipomaliza kulitazama kutoka kila upande, aliingia bandani akatoa kitu alichokiamini kuliko vyote duniani: nailoni nyeusi. Alilifunika rundo kuanzia juu hadi ardhini, akaizungushia mchanga chini, akaikandamiza kwa matairi.

Attracta alimwona kutoka bustanini kwake. Alisimama muda mrefu akijishauri. Msafisha dohani, alipokuja kukwangua ule uchafu, alikuwa amemweleza kisa chote cha maji yanayobaki shinani, na Attracta alikuwa ameyashika. Hatimaye akavuka kinjia kwa mara ya kwanza tangu siku ya hamira. Haikuwa rahisi kwake, na alivuka kwa sababu alijua mkataba wa Dympna.

"Malachy, hizo kuni zitapumulia wapi?"

"Zipumue? Kwani zina mapafu?"

"Huu mti maji yake yako shinani, msafisha dohani kaniambia. Kuni zinataka upepo uzipite katikati. Funika juu peke yake, ubavuni acha wazi."

"Sikiliza, mwenzangu. Mimi nimefunika sileji tangu wewe unajifunza kuchemsha yai. Mvua ya Clare haijawahi kuingia kwenye nailoni yangu."

"Sisemi mvua itaingia. Nasema maji yatashindwa kutoka."

Wakati huo trekta lilikuwa linapita kinjiani, na vijana wawili waliokuwa juu yake walisimama kusalimu. Malachy akiona watazamaji hawezi kujizuia, ni ugonjwa wake. Aliwageukia, akamwonyesha Attracta kwa kidole gumba.

"Mmesikia, vijana? Eti kuni zipumue, kwani zina mapafu? Nafundishwa kuni na Mkuu wa Zimamoto!"

Akacheka hadi akashika ukuta. Vijana wakacheka. Attracta alingoja wamalize.

"Haya, cheka," alisema. "Mimi nimeshaungua tayari."

Akarudi kwake na kufunga mlango taratibu. Malachy alitamani kidogo kwamba angeubamiza.

Kiangazi kikaja na mvua zake na upepo wake wa baharini. Ng'ambo ya kinjia, Attracta alikuwa amechanja kuni zake nyembamba, akazipanga juu ya mbao palipo na upepo mwingi, mapengo kila mahali, na juu akatupia bati kuukuu lililozuiwa na mawe. Rundo lilikuwa baya. Lilipinda tumbo upande mmoja, na Malachy aliliita kiota cha kunguru. Mchana mara nyingi alimsikia akikata kwa msumeno wa mkono nyuma ya banda, akakata tena, na akajiuliza mwanamke huyu anaisumbulia nini mifupa yake. Hakwenda kumuuliza. Rundo lake mwenyewe liling'aa kama limepakwa mafuta, na kila alipopita alilipiga kofi la mapenzi, kama alivyozoea kupiga ubavu wa ng'ombe mwenye mimba.

Siku moja kabla ya Watakatifu Wote, asubuhi, Malachy aliondoa matairi na kuvuta nailoni.

Kilichomfikia kwanza kilikuwa harufu. Haikuwa harufu ya kuni. Ilikuwa chachu, ya kitu kilichofungiwa na kujutia. Upande wa ndani wa nailoni ulidondosha maji. Magogo yalikuwa yameota ukungu mweupe kama manyoya, na katikati ya safu, pale alipobana kwa ustadi kuliko kwingine, ulikuwa umestawi uyoga. Alichukua magogo mawili akayagonganisha. Kuni kavu hulia kwa sauti kali. Hizi zilitoa mlio wa viazi viwili. Aliingiza moja jikoni. Lilifoka, likatoa povu nchani, likajaza nyumba moshi na kuzimika.

Malachy aliketi kwenye kiti chake, akakitazama kiti cha Breda. Alikuwa amefunika zile kuni kwa ufundi wote wa maisha yake, na ufundi huo ndio uliozioza. Akashika tama. Kisha akakumbuka kwamba Pakie huuza kuni kavu za magunia. Hazingekuwa zake, hilo alilijua, lakini mtu anayezama hachagui kamba. Akavaa kofia akaenda.

Hakujua kwamba vijana wa trekta walikuwa wamekwisha kupita na kuliona rundo likiwa wazi. Alipofika mlangoni mwa duka alisikia kicheko ndani, na sauti ya Pakie juu yake.

"Zina mapafu? Ndivyo alivyomuuliza! Na sasa kuni zimeota uyoga! Bwana we, amezigeuza kuni sileji. Tumwambie awape ng'ombe!"

Ilikuwa hadithi nzuri, na Pakie aliisimulia vizuri. Alijua pa kusita na pa kupandisha sauti. Alikuwa amejifunza kwa Malachy mwenyewe. Mzee alisimama nje na mkono kwenye kitasa. Uso ulimchoma. Humo ndani walikuwa watu aliowazoea tangu utotoni, hakuna aliyemtakia mabaya, na bado hakuweza kuingia. Ndipo hamira ilipomjia akilini, hamira ambayo Pakie alimsimulia kwamba Attracta aliiweka chini na kuondoka. Aliachia kitasa, akarudi nyumbani bila gunia.

Dympna alifika kesho yake mchana. Alimkuta baba yake amefungua madirisha yote, amevaa koti, na jikoni moshi bado umetanda. Malachy hakujitetea.

"Kuni zimeharibika zote," alisema. "Nilizifunga kama sileji. Mkataba ni mkataba, Dympna. Nimeshafungasha."

Begi lilikuwa karibu na mlango, na juu yake picha ya Breda imefungwa kwa sweta. Dympna alikuwa amejiandaa kubishana kutwa nzima, na sasa alipopewa ushindi mkononi hakuupenda. Alikuwa na machozi ya karibu.

"Kuna haja ya kwenda leo, Baba? Tungoje hata kesho."

"Tukingoja nitakataa. Nipe dakika chache tu. Kuna mtu lazima nimuage."

Attracta alifungua mlango na unga mikononi. Alimtazama koti, akamtazama viatu vya kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Limerick."

"Kwa ajili ya kuni?"

"Kwa ajili ya kuni." Malachy alivua kofia. "Ila sikuja kuaga tu. Siku ile ulikuja kunisaidia, nami nikakucheka mbele ya watoto wa watu. Na kabla ya hapo nilikucheka kila mahali, tangu Pasaka. Nilidhani ni utani. Jana nimesimama mlangoni kwa Pakie, nikasikia wananisema mimi. Nimeshindwa kuingia, Attracta. Sikujua kwamba inauma hivyo. Nisamehe."

Attracta alijipangusa unga polepole. Alikuwa ameyangojea maneno hayo miezi mingi, na alikuwa na hotuba yake tayari, ndefu na yenye makali. Lakini kona ya mdomo wake ilianza kumsaliti.

"Ni kweli zimeota uyoga?"

"Ndiyo."

"Unaliwa?"

"Sijauonja."

Basi Attracta akacheka. Alicheka hadi akatafuta kiti, akajifuta macho kwa aproni, akataka kusema neno, akaona tena ule uyoga mawazoni akaanza upya. Malachy alisimama na kofia mkononi akakipokea kicheko chote, kwa maana alikuwa anadaiwa. Lakini kicheko hiki hakikumchoma kama kile cha dukani. Mwishowe naye kikamshika, wakacheka wote wawili, mmoja kitini na mwingine kizingitini.

"Haya," alisema Attracta alipopata pumzi. "Sasa tumelipana. Leta toroli."

"Toroli la nini?"

Attracta alimpeleka nyuma ya banda. Pale, mahali pasipoonekana kutoka kinjiani, palikuwa na safu ya pili ya kuni, ndefu kuliko ile ya mbele na mbaya kuliko ile ya mbele, imejaa vipande vilivyopindapinda. Attracta alichukua viwili akavigonganisha. Vililia kwa sauti kali na safi.

"Hizi za nani?" aliuliza Malachy.

"Zako. Ni yale matawi uliyoyatupa mtaroni. Mti ulianza kufa juu, kwa hiyo ya juu ndiyo yalikuwa makavu kuliko yote. Nilipokuona unafunga yale magogo, nikajua Novemba utalia. Nikayakusanya."

"Umeyakata yote haya kwa mkono? Na ulikuwa umenikasirikia?"

"Kila siku. Hasira inasaidia sana kukata kuni."

Malachy aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza, kisha akamtazama.

"Usinitazame hivyo," alisema Attracta. "Breda aliniambia nisikuache upigwe na baridi. Hakuniambia nikupende. Shika toroli."

Dympna alipowaona wanavuka kinjia, mmoja anasukuma na mwingine anaelekeza, aliacha funguo za gari mezani. Attracta aliwasha moto mwenyewe. Ulishika mara moja, ukasimama wa njano, bila kufoka wala kutoa povu, na jiko la chuma likaanza kugonga kidogo kidogo kama linavyofanya linapopata joto la kweli. Dympna alifunga madirisha. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu.

"Mkataba ulisema kuni zako, Baba, si za jirani."

"Ni zake," Attracta alidakia. "Alizitupa yeye mwenyewe."

"Na zinatosha baridi nzima, Shangazi?"

"Nenda ukaone nyuma ya banda langu. Halafu urudi unisaidie kusukuma."

Dympna alikwenda, akaona, akarudi. Alivua koti, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akanyoosha miguu kuelekea motoni. Alikuwa anautazama tu, kama watu wote wa nyumba ile walivyoutazama jioni zao zote. Halafu akatema mate kiganjani, akauinua mkono.

"Baki. Lakini kuni za mwakani zitapangwa na Shangazi Attracta, na ile nailoni naondoka nayo."

Malachy akatema katika kiganja chake na kukipiga cha binti yake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaifungua picha ya Breda kutoka ndani ya sweta na kuirudisha mahali pake.

Kabla ya Krismasi, magogo yenye ukungu yalikuwa yamepasuliwa membamba na kupangwa upya palipo na upepo, na mapengo ya kupita panya. Rundo lilipinda tumbo. Malachy aliumia kulitazama, lakini hakuligusa, kwa sababu Attracta alikuwa anamwangalia kutoka bustanini. Mkate wa magadi ulianza tena kuvuka kinjia, na marehemu wa redioni wakapata tena watu wa kuwabishania.

Ilimchukua muda kurudi dukani kwa Pakie. Alikwenda asubuhi moja pamoja na Attracta, aliyetaka hamira, na duka lilikuwa limejaa. Pakie alipowaona tu, alitupa mikono juu.

"Karibu, Bwana Sileji! Ng'ombe wamezionaje kuni?"

Watu wakaangua kicheko. Malachy aliwangojea wamalize, kisha akaisimulia hadithi yote mwenyewe, kuanzia nailoni hadi uyoga, bila kutia chuku hata punje, kwa kuwa haikuhitaji. Pakie alicheka kuliko wote. Alijipigapiga kifua akatafuta hewa.

"Cheka, Pakie, cheka," alisema Malachy kwa upole. "Ila dohani yako umeisafisha lini?"

Macho ya Pakie yalipanda taratibu hadi kwenye dari, mahali bomba la jiko la duka lilipopenya kwenda juu, na kicheko kikakatika. Attracta alilipia hamira yake, akamshika Malachy mkono wakatoka. Asubuhi iliyofuata, wa kwanza kubisha hodi dukani alikuwa msafisha dohani na ngazi yake begani. Maana kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni, na uchaga uko juu ya jiko lile lile.